Upinde wa Mvua wa Chaki

Maseru, Lesotho
9 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Natumaini u mzima na macho hayakusumbui sana. Mimi nimefika salama, ila kupumua huku kuna kazi. Leo nimepanda mlima wa Thaba Bosiu kama ulivyoagiza. Baba, ni pazuri sana. Kilele ni bapa, mandhari nzuri, watu wazuri. Nimetuma picha kumi na nne kwenye simu ya jirani yetu Irene. Amesema akitoka zamu Lewisham atakuchapishia barua zangu kwa herufi kubwa.

Mwanao,
Gladness

Thamesmead, London
11 Machi 2025

Mwanangu Gladness,

Marahaba. Mimi sijambo, chai nakunywa, dawa ya matone natia. Irene ameleta barua yako yenye herufi kama za bango la uchaguzi, nami nimeisoma kwa lenzi mara mbili. Nakupa alama tatu kwa kumi. Pazuri, nzuri, wazuri. Hata keki ni nzuri.

Picha usitume tena, kwangu zote ni doa. Jicho la kushoto limeshaaga, na la kulia daktari ameniambia nisilitegemee kufika Krismasi. Nimefundisha jiografia ya Lesotho miaka ishirini na sita kule Karagwe bila kuikanyaga, halafu nikaja London kuendesha basi. Nataka kuiona sasa, na macho niliyobaki nayo ni yako. Angalia, kisha uniandikie ulichoangalia. Hasa maporomoko ya Maletsunyane.

Baba yako

Maseru
15 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Vipi baridi ya huko? Ile tatu kwa kumi imeniuma, nikasema mzee huyu nitamwonyesha.

Jana tulivuka njia ya mlimani inayoitwa Molimo Nthuse, yaani Mungu nisaidie, na dereva alipoanza kukata kona za juu nilimwelewa aliyeipa jina. Chini kuna bonde la kijani lenye nyumba za duara, kila moja na moshi wake. Wanaume wako juu ya farasi, wamejifunga mablanketi ya sufu hadi kidevuni wakati mimi natoka jasho. Nimekununulia moja la kahawia. Nililijaribu mistari yake ikiwa imelala. Mama mmoja dukani akanivua bila kuniuliza, akanigeuzia. Mistari isimame, anasema, ndipo mtu akue. Nikamwambia mwenye blanketi ana miaka sabini na tatu. Akasema hata yeye.

Mwanao,
Gladness

Thamesmead
17 Machi 2025

Marahaba, mama.

Saba. Yule mama wa dukani nimemwona mpaka mikono yake. Nilicheka, Irene akadhani nalia. Sasa nangoja Maletsunyane. Hiyo usiiandike kwa haraka.

Baba yako

Semonkong, Lesotho
20 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Natumaini umeamka vyema. Leo nimeyaona. Maji yanaanguka mita mia moja tisini na mbili kwa mkupuo mmoja, yakifika chini yanageuka moshi na kupanda tena. Miamba ni myeusi. Na upande wa kushoto kuna upinde wa mvua, umeanzia kwenye jiwe ukafika katikati ya maji. Ni vile vile ulivyokuwa ukituambia. Kesho narudi Maseru.

Mwanao,
Gladness

Thamesmead
21 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Sifuri.

Upinde ule ni wangu. Niliuchora kwa chaki darasa la sita ili watoto wasisinzie, na niliuweka kushoto kwa sababu kulia ubao ulikuwa umepasuka. Baadaye nikaunakili kwenye karatasi ile iliyobandikwa jikoni kwetu tangu ukiwa na miaka tisa. Hakuna kitabu chochote kilichoutaja. Kwa hiyo hukuyaona maporomoko, umeniandikia jiko langu mwenyewe. Nimeumia, sikufichi.

Nadhani ulikuta ukungu. Basi ungeniandikia ukungu. Mimi kila asubuhi nikifungua pazia naona weupe mtupu, na hakuna anayeniambia kuna nini ndani yake.

Baba yako

Semonkong
23 Machi 2025

Baba, shikamoo, na unisamehe.

Ni kweli, ulikuwa ukungu. Nilisimama ukingoni siku mbili na sikuona hata kwato za farasi niliyempanda. Nikaona aibu kukuambia.

Sikurudi Maseru. Leo nimekwenda tena na mwongoza wageni, na simu nikaiacha chumbani. Ukungu unalowesha nyusi. Mngurumo wa maji hautoki mbele, unatoka chini. Unaupata kwanza magotini, ndipo masikioni. Upepo ukigeuka, manyunyu yanakupiga usoni yakiwa na harufu ya majani yaliyokatwa. Kisha nikasikia ndege wakilia, na walikuwa chini yangu, baba, mbali sana chini ya miguu yangu. Hapo nikajua nimesimama wapi. Nikarudi nyuma hatua mbili.

Nimekuwa nikiogopa sana siku utakayobaki bila macho. Leo hofu imepungua kidogo.

Mwanao,
Gladness

Thamesmead
25 Machi 2025

Gladness, mwanangu,

Marahaba. Hii naiandika mwenyewe kwa kalamu nene, Irene ataipiga picha. Mistari ikipandana utanivumilia.

Alama sitoi tena. Ule mchoro wa jikoni nimeubandua. Ukirudi na blanketi langu tutachora mwingine.

Nilimwomba Irene anisomee barua yako nikiwa nimefumba macho. Alipofika kwa wale ndege, nikasogeza kiti nyuma.

Baba yako