Zamzam Amenifokea

Baba Ruba na wanangu,

Mlikuwa mmelala. Simu ya msaada imelia alfajiri: kuna mama huko Pate, corona imemfungia ndani na mume anayempiga. Nimekwenda na boti kumchukua. Nitarudi kabla ya kafyu, inshallah. Chumba cha juu kifagiwe. Maji na sabuni viwe mlangoni, na kila aingiaye anawe, hata wewe Hussam. Akija mtu kumuulizia Zamzam, hamumjui.

Mchuzi wa samaki uko jikoni. ~~Msiuguse mpaka nirudi.~~ Ni wa Zamzam, mwacheni amalize kuupika.

Sasa nicheke au nilie? Mwajua tangu tumpokee kutoka Ndau na majeraha ya kipigo, binti huyu ananyata tu, kikombe kikigonga sahani anaomba radhi. Leo niko jikoni, nasikia nyuma yangu: "Bi Hadia, tui hilo umelitia mapema, litakatika! Hebu nipishe!" Jikoni kwangu! Nikamjibu kwa sauti, naye akapandisha yake, mpaka paka wakatimka, nanyi mnakoroma tu!

Kisha akanyamaza ghafla, macho yote kwenye mwiko niliokuwa nimeushika.

Nikampa mwiko. Nikakaa kwenye mbuzi, nikamkunia nazi nyingine. Alhamdulillah, akaendelea kunifokea!

Kwa hiyo mkila, utafutieni mchuzi kosa lolote, mumwambie. Nataka nikirudi nimsikie tangu ngazini akiwabishia.

Na tui langu halijapata kukatika.

Mama, mkuna nazi wa Zamzam