Mkeka wa Wageni

Kamuli, Julai 1954

Mke wangu Kokugonza,

Nisalimie Baba, mwambie shikamoo yangu, kama ataipokea. Mimi ni mzima, ila kazi hii ya kukagua kahawa itaniua.

Kila msimu naimba wimbo uleule: kahawa ikianikwa chini, kwenye ua uliosiribwa samadi ya ng'ombe, itanuka samadi mpaka kikombeni. Wakulima wanaitikia, "Ndiyo, bwana mkaguzi." Tukawagawia mikeka ya kuanikia. Nilipopita kukagua, kahawa iko chini palepale, mikeka imeviringishwa ndani! Bibi mmoja akanishangaa: "Mkeka mzuri hivi niuchafue kwa kahawa? Huu ni wa wageni." Akautandika, akanikalisha, akaniletea kahawa ya kutafuna, heshima ya mgeni. Inanuka samadi. Nikatafuna, nikashukuru. Ningefanyaje?

Sasa la Baba. Ni kweli niliyakataa magunia yake mbele za watu. Ningeyapokea kwa kuwa ni mkwe wangu, nani tena angenisikiliza? Mwenyewe aliyachukua akarudi nayo. Wewe ndiye uliyefunga mzigo ukamfuata Isingiro. Nikampelekea mkeka mpya, kwa heshima, aanike upya.

Jana Nuwagaba, mchukuzi wetu, alitoka huko kwenu. Anasema kahawa ya Baba bado iko chini. Mkeka wangu umetandikwa sebuleni, na juu yake wamekaa washenga na mtungi wao wa pombe ya rubisi.

Kokugonza, kwenu binti ni wewe peke yako.

Barua hii ikikufikia, nami nipo njiani.

Mumeo, nasema mumeo,
Rwezaura