Jembe Linalolia Kama Kopo

Buguruni,
Dar es Salaam

Kwako Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Najua anayekusomea ni dada Mwanahamisi, kwa hiyo namwomba asiruke mistari kama alivyofanya barua iliyopita akakuambia tu, "Salumu hajambo, anasalimia." Goti linasemaje siku hizi? Mahindi ya bondeni yamebeba, au ngedere wamekutangulia? Mimi ni mzima, Alhamdulillahi, ila joto la huku halina adabu.

Mjomba wa Mikumi bado ananiulizia lini nitapata kazi. Mwambieni ninayo. Sijaajiriwa na mtu, ni kweli. Naandika makala, nayapeleka gazetini, wakiyapenda wanayachapa. Lakini kazi yenyewe ni kubwa. Zamani duka la ushirika lilikuwa na jembe la aina moja, na ukilikuta ulimshukuru Mungu. Siku hizi milango imefunguliwa, kila kitu kinaingia: redio, pasi, pikipiki, magari ya mitumba. Mtu anauza mbuzi wake ananunua kitu kinachong'aa, kikifika nyumbani kinakufa. Mimi ndiye ninayekijaribu kwanza na kusema ukweli wake. Juzi nimelala uvunguni mwa pikapu nusu siku, nikichokonoa kutu iliyofunikwa kwa rangi mpya. Mwenye gari alinichukia, wasomaji wakanipenda.

Sasa nina jambo la kukuungamia, Mama. Unakumbuka lile jembe jipya la bluu nililokuletea kwa basi kabla ya mvua? Niliona linapendeza nikadhani nimekutunza. Ukamtuma Mwanahamisi aniandikie: "Mama anashukuru, lakini anasema alipolipachika mpini alikwishalijua. Aliligonga kwa jiwe likalia kama kopo la maziwa. Hata palizi ya kwanza halikumaliza, limepinda shingo." Nilicheka, halafu nikaona aibu, halafu nikakaa nikaandika makala. Nikaeleza unavyofanya: unalining'iniza jembe kwa kamba, unaligonga, unalisikiliza. Likiitika kwa muda, chuma kimeiva. Likinyamaza papo hapo, liache dukani.

Ila sikukutaja. Niliandika, "mtaalamu mmoja wa zana wilayani Kilosa." Niliogopa, Mama. Niliona nikisema ni mama yangu, watu watasema huyu anaandika habari za jikoni kwao.

Makala ilipotoka, Kariakoo hapakukalika. Watu wanaingia madukani na mawe mfukoni! Kila jembe linagongwa, ko, ko, ko, na wenye maduka wanafukuza wateja kama kunguru. Wiki haijaisha, nikaitwa gazetini. Nikamkuta mhariri, na mbele yake mfanyabiashara aliyeingiza yale majembe ya bluu, mzee mnene wa koti.

"Huyo mtaalamu wako ana cheti cha wapi?" akaniuliza.

Mhariri naye akanigeukia. Akasema nikishindwa kumtaja na kuthibitisha, gazeti litaomba radhi ukurasa wa mbele, kwa jina langu. Mama, kwa mtu kama mimi asiye na ajira, hiyo ni kufungiwa milango yote kwa siku moja. Nani angenunua tena neno langu?

Nikasema, "Ni mama yangu. Analima Mvumi."

Wakaangua kicheko. Hata mpiga chapa aliacha mashine yake akacheka. Na hapo, sijui ni nini kilinipata, aibu yote niliyokuwa nayo ikageuka hasira. Nikawaambia, "Amelima tangu kabla sijazaliwa. Nyinyi mmelima wapi?"

Nikamwomba mtunza bustani wa pale jembe lake kuukuu, la zamani lile, limelika hadi limebaki kama kijiko. Nikalining'iniza kwa kamba ya kiatu changu, nikaligonga kwa jiwe. Likaitika mpaka nje. Nikaligonga la bluu alilokuja nalo yule mzee, jipya, na karatasi yake bado. Ko. Basi.

Yule mzee hakukubali. "Sauti hailimi," akasema, na kwa kweli alikuwa na haki. Nikamjibu, "Basi tulime."

Tukalipachika lile la bluu mpini, tukatoka nyuma ya ofisi, penye ardhi ngumu ya changarawe. Yule mzee alivua koti akakataa mtu mwingine alishike; kumbe naye ni mtoto wa mkulima, anakamata mpini sawasawa. Akapiga, akapiga, jasho likamtoka. Mara akasimama, akaligeuza jembe, akaliangalia shingo. Ilikuwa imelala upande. Hakuna aliyecheka tena.

Alikaa kwenye kizingiti akapumua kwanza. Akasema na yeye aliletewa sampuli nzuri, mzigo ulipofika ukawa mwingine, na hakuwahi kuligonga hata moja. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama yako anaitwa nani?"

Nikagundua sijawahi kulitamka jina lako mbele ya watu wa huku hata mara moja. Nikalitamka lote. Mhariri akaliandika kwenye karatasi yake. Sikutegemea kitu kama hicho kingenitoa machozi, lakini kilinitoa. Naona fahari kuwa mwanao, Mama, na unisamehe kwa kuwa niliificha.

Sasa sikiliza. Pamoja na barua hii kuna majembe matatu ya sampuli, kila moja la kiwanda chake. Nimeyatuma hadi Mikumi, Mjomba atayapandisha gari la Kilosa. Mzee yule anataka kuagiza mzigo mpya na hataki kuagiza kabla hujayajaribu. Nimebandua karatasi zote usijue lipi limetoka wapi. Lima nayo bondeni, usiyahurumie, na usimhurumie mtu kwa kuwa ametuma salamu nzuri.

Nisalimie Baba Mdogo na mkewe, mwambie redio yake isitengenezwe na yule fundi wa sokoni mpaka nije. Nisalimie Bibi mzaa baba, na mtoto wa dada aliyeanza shule, na jirani yetu mfugaji anayekuletea maziwa. Dada, nawe pokea salamu zako, na asante kwa kuandika maneno ya Mama bila kuyapunguza makali. Endelea hivyo hivyo.

Makala mpya itatoka ukishajibu, na juu kabisa, kabla ya jina langu, litakuwa jina lako: Bi. Zena binti Shabani, mkulima, Mvumi. Ukisema yote matatu ni makopo, nitaandika makopo.

Mwanao akupendaye,
Salumu