Divai ya Matanga

Milo, 12 Novemba

Ubarikiwe, mwanangu Sarino.

Hujambo? Mimi sijambo, ila magoti yananisumbua, na juzi Mlima umetema moto na kutumwagia majivu tena, nimefagia paa mpaka mgongo ukakataa. Huko Torino baridi imeanza? Vaa fulana ya sufu, usijifanye kijana.

Jana ilikuwa Mtakatifu Martino, siku ya kuonja divai mpya, nikafungua pipa la marehemu baba yako. Mwanangu, sielewi. Ni zabibu zetu zilezile nyeupe za kwenye mawe meusi, lakini divai imetoka na rangi ya ganda la chungwa! Ukiinywa inakwaruza ulimi kama chai iliyolala. Nadhani ni yale maganda ya zabibu. Baba yako alikanyaga zabibu asubuhi, akakaa kuosha miguu, na hapohapo akatutoka. Maganda huondolewa siku ileile, lakini nani angeyaondoa? Mfiwa hafanyi kazi, hata moto jikoni hawashi, majirani ndio wanaomlisha. Mimi nikakaa matanga, na maganda yakakaa ndani ya birika la mawe.

Jirani Turi ameonja, akatema. "Agatina, hiyo mwagia magugu," akasema. "Hata siki itaona haya kuitwa ndugu yake."

Ndiyo kazi ya mwisho ya miguu ya baba yako, nitaimwagaje? Na kama imeharibika, naiweka ya nini? Niambie nifanyeje.

Mama yako


Torino, 20 Desemba

Nibariki, Mama.

Mimi mzima, natumaini na wewe magoti yametulia. Kuhusu divai, mimi dereva wa tramu, nitajua nini? Usiimwage. Wala usiinywe. Iache kwanza.

Krismasi sitaweza kuja, zamu zimebana. Usikasirike.

Mwanao Sarino


Milo, 2 Mei

Ubarikiwe, mwanangu.

U mzima? Huku sote wazima, hata Turi, kwa bahati mbaya.

Sasa ndiyo nimechanganyikiwa kabisa. Amekuja bibi mmoja wa Palermo, mwenye duka la divai, viatu vyake vyeupe kwenye udongo wetu huu! Nikampa divai nzuri ya Turi. Akaona kwenye meza bilauri yangu ya ile nyingine, akaomba aionje. Akafumba macho. Nikasema basi, nimemuua mtoto wa watu. Kumbe anaipenda! Anaitaka yote, na mwakani anataka tena. Nimemwambia nusu haiuzwi, ni ya baba yako.

Akauliza, "Mama, maganda umeyaacha siku ngapi?"

"Mpaka matanga yalipoisha," nikamjibu.

Akacheka, akidhani namtania. Sarino, nami nikabaki najiuliza: ili niipate tena, mwaka huu afe nani?

Nijibu.

Mama yako


Milo, 15 Septemba

Ubarikiwe, mwanangu.

Unaumwa? Nimeandika mwezi wa tano, kimya. Barua hazifiki, au wewe ndiye hufiki?

Zabibu zinakaribia kuiva. Turi amekubali kukanyaga, huku akinung'unika. Lakini siku zile mimi sikuzihesabu, nilikuwa nimekaa tu mbele ya kile kiti kitupu cha baba yako. Ninachokumbuka ni masufuria ya majirani. Kwanza Nedda alileta supu ya kuku. Halafu Pippina na dengu. Halafu mke wa Turi na tambi zilizovurugika. Kwa kawaida matanga yanaishia hapo, lakini yangu hayakuisha, Nedda akaanza tena upya, na baada ya hapo sikumbuki.

Nimewaomba walete tena vyakula vilevile kwa zamu zilezile, nikae hivyohivyo mpaka divai iwe tayari. Nedda alipiga ishara ya msalaba. Turi akaniuliza, "Wewe mwanamke, unataka kumzika nani safari hii? Kama ni mimi, sema nikavae suti." Lakini wamekubali. Tatizo ni moja: sijui mwisho ni sufuria la nani.

Je, mwanangu, mama yako amerukwa na akili?

Mama yako


Torino, 24 Septemba

Nibariki, Mama.

Siumwi. Barua zako zote nimezipata, nikashindwa kujibu.

Masufuria hayo mimi siyajui hata moja. Siku zile nilikuwa nimelala uwanja wa ndege wa huku, majivu ya Mlima yamefunga anga ya Catania huko kwetu, wanatuambia leo, kesho, leo, kesho. Nilipofika baba alishazikwa, moto unawaka jikoni, wewe unakaanga mayai. Kila mtu alishamaliza kulia. Mimi hata sikujua nianzie wapi, na mpaka leo sijui. Ndiyo maana siji.

Mwambie Turi asikanyage. Nitakanyaga mimi, halafu nikae na wewe tule vya majirani. Nakuja kwa treni, majivu hayazuii treni. Ila umeshakumbuka sufuria la mwisho lilikuwa la nani?

Mwanao Sarino


Milo, 1 Oktoba

Ubarikiwe, mwanangu, ubarikiwe mara mia.

Barua yako imenikumbusha. La mwisho halikuwa sufuria la jirani. Lilikuwa kikaango changu. Nilisikia ndege zimeruhusiwa, nikasema mtoto wangu atafika na njaa, nikawasha moto kabla sijajua ninachofanya. Nilipowasha moto matanga yakawa yamekwisha, basi nikashuka kwenye birika nikatoa maganda, nikapanda kukukaangia mayai.

Kwa hiyo si matanga, Sarino. Maganda yalikuwa yakikungoja wewe.

Sasa nimechanganyikiwa upya. Kama utakuwa hapa tangu siku ya kwanza, yatamngoja nani? Sijui divai itatoka na rangi gani.

Njoo hivyohivyo. Mayai ninayo.

Mama yako