Binti Yangu Anataka Kuinuliwa Kope Alizorithi kwa Marehemu Baba Yake

Mpendwa Mshauri Devotha, shikamoo. Naomba unisaidie maana hapa Ilomba sina wa kumwambia. Binti yangu Verediana ana miaka ishirini, alizaliwa na kope zilizolegea mpaka zinafunika mboni, akitaka kumtazama mtu lazima ainue kidevu, na wasiomjua wanasema ana maringo. Sasa anajifunza cherehani, na juzi alikuwa ameshikilia kope kwa mkono mmoja huku anasukuma kitambaa kwa mwingine, sindano ikamtoboa kidole. Daktari wa macho akampima, akasema upasuaji unawezekana, msuli wa kope utakazwa na ataona vizuri. Mtoto alirudi nyumbani anacheka peke yake, ila mimi nililia, kwa sababu baba yake, marehemu Saulo, alikuwa na kope hizo hizo, na tangu tumzike kwao Igowole, nikimkumbuka sana namwita binti akae karibu, namtazama tu, moyo unatulia. Nikamwambia tusubiri kwanza.

Akaniuliza, "Tunasubiri nini, mama?"

Nikasingizia maji yanachemka, nikaenda jikoni. Tangu hapo hajanisumbua, na huo upole wake ndio unaoniumiza. Ni mtu mzima, angeweza kwenda mwenyewe, lakini anasema bila mimi haendi. Nifanyeje?

Mama Vere, Mbeya

Mama Vere, marahaba. Pole sana. Naona wewe na mzee wako mlipendana kweli, na hilo hakuna daktari wa kuliondoa. Lakini lazima nikuseme kidogo. Mtoto si picha ya marehemu ya kutundikwa ukutani. Wewe ukimtazama unatulia, yeye akikutazama shingo inamuuma. Na Saulo, aliyeishi na taabu hiyo hiyo, unadhani angemzuia mwanawe? Wewe ndiye uliyemjua, jijibu.

Leo hii mkalishe binti, umweleze ile sababu uliyoniambia mimi ukamficha yeye. Atakuelewa. Kisha rudini wote kwa daktari, muulize kila linalokutisha, hasa atalalaje siku za mwanzo, maana jicho huenda lisifumbe vizuri, na dawa ya kulilainisha utampaka wewe.

Siku ya kufunguliwa bandeji, vaa kitenge chako kizuri, ukae mbele yake. Umemtazama tangu azaliwe. Sasa mwache naye akutazame.