Kompyuta ya Chini, Swichi ya Juu

Jumatatu, 10 Mei 2004
Chumvi ya ukuta imekula diski nyingine. Basi. Sinunui tena. Kompyuta za darasa hazitakuwa na diski kabisa: mfumo wote wa Linux utakaa kwenye seva moja, kompyuta kuu, ghorofani kwa Bi Zuwena mwenye nyumba, ambako kuta ni kavu. Hizi za chini zitauvuta kwa waya. Nimeupitisha waya dirishani peke yangu. Mwenzangu niliyekuwa nikifundisha naye yuko Maskati, hata salamu haleti.

Jumanne, 11 Mei
Nimeanza na moja. Haina kitu tumboni, na imewaka. Nilitaka kumwambia mtu. Hapakuwa na mtu.
Baada ya alasiri ikaganda. Kwenye kioo: seva haijibu, inajaribu tena. Nikapanda. Seva imezimika. Bi Zuwena akasema umeme huu una mambo. Akanipa kahawa, akanionyesha picha za wanawe walioko Dubai. Nikaiwasha seva, nikashuka. Kompyuta ikaendelea palepale ilipoachia.

Jumatano, 12 Mei
Imeganda tena, alasiri vilevile. Nimebadilisha soketi ya juu. Kahawa tena, na kashata. Picha zilezile.
Jumamosi wafadhili waliotoa kompyuta wanakuja kutazama. Wakikuta zimeganda, kompyuta zinapelekwa shule nyingine na darasa langu ndiyo basi. Naogopa.

Alhamisi, 13 Mei
Leo nimepanda mapema, pekupeku, kupima waya. Nimemkuta Bi Zuwena kainama ukutani, kidole kwenye swichi ya seva. Vikombe viwili vishapangwa mkekani.
Nikamuuliza kwa nini. Hakuona haya hata kidogo.
"Nkiizima unapanda," akasema.
Hasira zikanishika. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako, nikamwambia anataka kunikatia riziki. Mtu wa umri wa mama yangu. Kahawa sikunywa.

Ijumaa, 14 Mei
Fundi seremala ameifunika swichi kwa kisanduku cha mbao na kufuli. Bi Zuwena alikaa kitandani akimtazama. Shikamoo yangu aliijibu, zaidi ya hapo hakuna. Ufunguo ninao mimi. Swichi ya nyumba yake mwenyewe.

Jumamosi, 15 Mei
Wafadhili wamekuja, wamekaa mpaka magharibi inakaribia. Kompyuta zote zimewaka kwa seva ileile, hakuna iliyoganda. Wamepiga picha, wamenipa mkono. Darasa linabaki.
Nilidhani nitafurahi zaidi.

Jumatano, 19 Mei
Mvua. Wanafunzi wameondoka mapema, wanakimbilia daladala Darajani kabla njia hazijajaa maji. Alasiri ikapita. Nikajikuta nimekaa mbele ya kioo nasubiri igande. Haikuganda. Inafanya kazi vizuri mno, na mimi sina sababu ya kupanda. Nyumbani Kiembe Samaki hakuna anayeningoja. Juu kimya tangu Ijumaa. Nina upweke, nauandika hivyo hivyo.
Nikafunga darasa. Nikapanda, nikapiga hodi.
"Nani?"
Nikajitaja.
"Leo kimezimika nini?" akauliza, mlango bado umefungwa.
"Hakuna kitu, Bi Zuwena. Nimekuja tu."
Kisha nikamsikia anavuta komeo.