Nafasi ya Bure Imejaa, Mama

Mama yangu,

Nakuandikia kwa sababu ya ujumbe nilioupata wiki hii: nafasi ya bure ya kuhifadhi picha mtandaoni imejaa. Simu yako niliiwasha mimi, na kwa uvivu nikaiunganisha na anwani yangu ya barua pepe. Tangu siku ile kila picha uliyopiga ilikwenda kukaa pamoja na zangu za kazi ya uandishi wa habari. Hukujua. Barua pepe nazo hukaa humo humo. Mwaka mmoja baada ya kukuzika, picha zako zinazuia barua za mhariri kunifikia.

Ulipiga kwa namna yako. Mpiga picha wa ujana wako alikufundisha kwamba mtu asitikisike, nawe ukaamini kwamba hata kidole hakitakiwi kutoka kwenye kitufe. Simu ikapiga picha thelathini za sufuria moja ya ndagala, vile visamaki vya ziwani. Siku mtoto wa mdogo wangu Neema alipobatizwa kule Runingu, ulitupanga mbele ya kanisa.

"Musitikisike. Weye, funga kinywa. Leo hauko unauliza watu maulizo."

"Mama, umemaliza?"

"Bado. Baba wa ubatizo iko anapepesa macho."

Picha za mkao huo ni arobaini na moja. Kufikia ya kumi tayari tunacheka.

Kununua nafasi zaidi kunataka kadi ya benki, na mimi nina pesa ya simu tu. Flash ya kuhifadhia picha niliwahi kuiamini, ikaingia maji ziwa lilipopanda. Basi nikaanza kufuta. Katika kila mfululizo nilibakiza moja, iliyo wazi zaidi. Zenye ukungu na zilizoangalia chini nikazitupa. Ni kazi niliyoizoea. Nilikuwa nimepita picha mia sita Neema aliponichungulia begani.

"Yaya, uko unafuta nini?" Ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake.

"Udongo. Mama alipiga udongo."

"Angalia muzuri. Ile ni muguu ya nani?"

Nikaangalia. Ulikuwa ukiteremsha simu bila kuachia kidole. Karibu kila mfululizo uliisha hivyo: pindo la kitenge chako cha buluu, kandambili, kidole gumba kilichopinda tangu jembe likukate. Mara moja, kwenye kioo cha dirisha la kanisa, nusu ya uso wako. Katika picha nzuri wewe humo, Mama. Hukuwahi kumpa mtu simu akupige. Nilikuwa nimekufuta wewe na kutubakiza sisi.

Kwa bahati, zilikuwa bado kwenye pipa la taka, ambamo hukaa siku kadhaa kabla ya kupotea kabisa. Nilizirudisha zote, nafasi ikajaa tena. Ndipo nikafungua zangu: viongozi wakikata utepe, viongozi kwenye meza ndefu, chupa za maji mbele yao. Nilizifuta asubuhi nzima, mpaka Neema akaniita kula. Hadi leo hakuna aliyeziulizia.

Barua za mhariri zinaingia. Zako nimeanza kuziandikia maelezo kama nifanyavyo kazini: nani, wapi, lini. Ile yenye udongo na kandambili, Neema alisema tuandike "miguu" tu. Nimeandika jina lako lote, kisha: Runingu, baada ya ubatizo.

Pumzika vema.

Mwanao mkubwa